Boriti Mpya kwenye Nguzo Yenye Kinga ya Moto: Dalili, Sababu na Tiba

Kiungo kipya kikisumbua, macho huenda kwanza kwenye bolti na mshono wa kuchomelea. Ukifuatilia nyuma utakuta kosa mara nyingi limekaa saa chache kabla ya bolti ya kwanza, pale kinga ya moto ilipobanduliwa: dirisha, yaani eneo la chuma linaloachwa tupu bila kinga, lilikatwa dogo, unga wa kinga ulibaki kwenye chuma, au hakuna aliyejua kinga ile ni ya aina gani na itarudishwaje. Kwa hiyo dalili zilizomo humu zinafuata mwendo wa kazi yenyewe, tangu kupima mpaka kufunika tena.

Mfano wetu ni boriti ya IPE 300 (umbo la I, kimo mm 300) inayoungwa kwenye nguzo ya HEA 200 (umbo la H, upana mm 200). Bapa mbili za nje za umbo la H tunaziita mbawa, na lile la katikati tumbo. Pleti ya kuungia ni ya mm 220 × 100 × 10, imechomelewa kwenye ubawa wa nguzo kwa mshono wa mguu wa mm 8 pande zote mbili. Bolti ni tatu za M20 (kipenyo mm 20) daraja 8.8 la nguvu, zimeachana mm 70, na ya juu na ya chini ziko mm 40 kutoka ncha za pleti. Mashimo ni ya mm 22. Kati ya ncha ya boriti na uso wa nguzo panabaki nafasi ya mm 10. Kiungo hiki ni cha kubeba mzigo wa wima tu, na hesabu ya mwisho ni ya mhandisi, maana nguzo iliyopo tayari ina mzigo wake.

Kabla ya kubandua: ijue kinga, kisha ijue nguzo

Chukua bisibisi. Kinga ikichimbika kama biskuti na kutoa vipande vinavyometameta kidogo, hiyo ni lipu ya kupuliza, ya jasi au saruji iliyochanganywa na vemikulaiti (madini mepesi yanayometameta), kwa kawaida unene wa mm 15 hadi 50. Ikiwa ngumu na inafanana na rangi nzito yenye uso wa ganda la chungwa, hiyo ni rangi ya kuvimba. Unene wake huanzia nusu milimita hadi milimita kadhaa, na inapopata moto hutumuka mara nyingi zaidi ya unene wake. Ukigonga ikalia mvungu, ni bodi. Zege unalijua.

Jengo likiwa la kabla ya miaka ya 1990 na kinga ikitoa nyuzinyuzi za kijivu au nyeupe, simama hapo hapo. Usipige brashi, usipulize. Lowesha sehemu ndogo, chukua kipande ndani ya mfuko uliofungwa, kipimwe kama kina asbesto. Kazi ikisimama wiki mbili hakuna aliyekufa. Vumbi la asbesto likishaingia mapafuni halitoki.

Halafu nguzo. Majumba ya zamani ya Unguja yana nguzo za chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, kama zile za baraza za Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash. Chuma hicho hakichomelewi kwa njia ya kawaida. Mshono hupoa, na nguzo inapasuka pembeni yake, pengine usiku mafundi wameshaondoka. Kipimo chepesi: toboa tundu dogo pasipo na mzigo mkubwa. Chuma cha kawaida cha ujenzi hutoa vinyweleo vinavyojikunja. Chuma cha kusubu hutoa makombo meusi kama punje za pilipili manga. Ukiona makombo, weka kijiti cha kuchomelea chini, mhandisi atafute njia ya mkanda unaobana nguzo au nguzo mpya pembeni. Ndani ya Mji Mkongwe, ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kibali cha mamlaka ya hifadhi kinatangulia hata tundu hilo.

Dalili: boriti ni fupi, ndefu, au imekuja na pengo upande mmoja

Sababu inayoongoza ni kupima juu ya kinga. Nguzo mbili zikiwa na lipu ya mm 30 kila moja, ukipima uso kwa uso wa lipu umepoteza mm 60, na boriti itakuja fupi kwa kiasi hicho hicho. Wengine hukosea kinyume chake: wanachukua kipimo cha mchoro, wakati nguzo yenyewe imelala mm 8 au 10 kati ya sakafu na dari.

Kata dirisha la kupimia kabla ya kuagiza. Kwenye kila nguzo toa kinga ya upana wa kiganja mahali pawili, juu na chini ya boriti itakapokaa, teremsha timazi, kisha pima chuma kwa chuma. Ukiagiza boriti Dar es Salaam, milimita 60 zinakugharimu safari nyingine ya meli na wiki ya mafundi kukaa kitako.

Boriti ikiwa imeshafika na ni fupi kidogo, usirefushe pleti kimya kimya. Kila milimita bolti zinaposogea mbali na nguzo, mzigo unapata mkono mrefu zaidi wa kuipinda. Rudisha namba kwa mhandisi. Kwa kiungo cha pleti ya kichwani (iliyochomelewa kwenye ncha ya boriti), kilichofungwa kwa bolti kwenye ubawa, pakingi ya kujaza pengo inaruhusiwa, lakini iwe kipande kimoja cha bapa chenye mashimo yake, sio washa tano zilizobebana. Kwa bolti ya M20 pakingi ya mpaka mm 6 haipunguzi kitu. Ikizidi theluthi ya kipenyo cha bolti, nguvu ya kukatwa inaanza kushuka: pakingi ya mm 12 inaibakishia bolti kama asilimia 92.

Dalili: mashimo hayakutani

Hapa ndipo utasikia, "lete gesi tulipanue." Usilete. Shimo lililochomwa lina kingo ngumu zenye nyufa ndogo, na umbo lake halishiki bolti sawasawa. Shimo likipishana milimita moja au mbili, lisafishe kwa rima, kifaa cha kupanua na kulainisha tundu. Likizidi hapo, toboa mm 26 upitishe M24, baada ya kuhakikisha kwamba kutoka katikati ya shimo mpaka ukingo wa chuma kumebaki angalau mm 32. Haiwezekani? Kata pleti, choma nyingine. Pleti ni kipande cha chuma, boriti ni mali.

Drili ya sumaku nayo ikiteleza au kuachia, angalia chini yake. Sumaku inataka chuma kitupu chenye unene wa kutosha. Rangi ya kuvimba ya mm 2 inaifanya ishike kwa kubembeleza, na ukuta mwembamba wa nguzo ya bomba la mraba hauishiki kabisa. Safisha eneo lote la kitako cha sumaku, si shimo peke yake, na funga mnyororo wa usalama kila mara. Umeme ukikatika ghafla, sumaku inaachia na drili inakuja chini na biti yake. Kwa biti ya pete ya mm 22, karibu mizunguko 350 kwa dakika inatosha. Ukiona vinyweleo vimegeuka buluu, unakwenda kasi mno au mafuta ya kukatia hayafiki.

Dalili: mshono una matundu, au umepasuka katikati

Matundu ni hewa iliyonaswa wakati chuma kinaganda. Hewa hiyo hutoka wapi? Kwenye nguzo ya aina hii kuna vyanzo vinne, na kwa kawaida viwili huja pamoja.

Cha kwanza ni mabaki ya kinga. Jasi ina maji ndani ya umbile lake hata ikiwa kavu mkononi. Ikipata joto inayatoa kama mvuke, chini kabisa ya mshono. Rangi ya kuvimba ni mbaya zaidi, maana kazi yake ni kutoa gesi. Kukwangua hakutoshi. Kwangua, piga grenda mpaka chuma kiwe cheupe angalau mm 100 kila upande wa mshono, kisha futa kwa kitambaa safi chenye tina na usubiri ikauke kabisa. Pitisha kidole: kikitoka na unga, bado.

Cha pili ni chumvi. Malindi, Nungwi, Paje, Mkoani, popote upepo unapotoka baharini, chuma kilichokaa wazi usiku mmoja kimeshavaa chumvi usiyoiona. Osha kwa maji ya bomba. Maji ya kisima cha karibu na pwani mara nyingi yana chumvi yake mwenyewe, na ukiyatumia unaongeza tatizo ulilotaka kuliondoa.

Cha tatu ni vijiti vyenyewe. Vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018 vinapendwa kwa viungo vya kubeba mzigo kwa sababu vinaleta haidrojeni kidogo, lakini ganda lake linanyonya unyevu kama chumvi ya jikoni wakati wa masika. Paketi ikishafunguliwa, vijiti vikae kwenye oveni ndogo ya angalau nyuzi 120 za Selsiasi. Vikikaa nje zaidi ya saa nne, vikaushwe upya kwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili, au viende kwenye kazi ya geti. Kuvianika juani ni kujifurahisha. Unyevu huo ndio unaoleta ufa unaotokea kesho yake, kwa hiyo mshono wa kubebea mzigo ukaguliwe tena baada ya siku moja au mbili.

Cha nne ni upepo. Kusi ikivuma, mashine ya waya na gesi haifai nje bila kibanda. Kwenye kasi ya kilomita 8 hivi kwa saa gesi inaanza kupeperushwa. Jenga kizuizi cha turubai, au rudi kwenye vijiti.

Kijiti kikiganda ganda kila ukikigusisha, pima umeme kwenye mashine wakati inafanya kazi, sio kwenye soketi ikiwa imelala. Kebo nyembamba ya mita 50 inakula volti. 230 zinazotoka ukutani zinaweza kufika zikiwa hazifiki 200.

Mshono wenye matundu haufunikwi kwa mshono mwingine juu. Usage mpaka matundu yaishe, halafu ujaze.

Dalili: rangi imetumuka kando ya mshono

Unamaliza kuchomelea, unainua kofia, na pembeni rangi imeumuka kama kitumbua, nyeusi juu na laini ndani. Kinga hiyo imeshatumika. Haitavimba mara ya pili siku ya moto wenyewe, hata ukiipaka rangi nzuri juu.

Dirisha lilikuwa dogo. Kwa pleti yetu ya mm 220, toa kinga mm 150 juu na mm 150 chini, upana wote wa ubawa pamoja na nyuma yake, maana joto hupenya mm 10 za ubawa bila kuuliza. Jumla ni dirisha la mm 520. Lipu ya kupuliza haivimbi, ila inapasuka na kuachana na chuma ikipata joto upande mmoja. Igonge kuzunguka dirisha, na inapolia mvungu kata zaidi mpaka ufike palipo pazima.

Kazi ikiwa karibu na paa la makuti, na hoteli nyingi za pwani zina banda la makuti mita chache kutoka jengo kuu, cheche moja inatosha. Weka mtu wa kulinda mwenye mtungi wa kuzimia na ndoo za maji, na asiondoke mpaka saa nzima ipite baada ya kijiti cha mwisho.

Dalili: bolti ilikazwa, baada ya wiki imelegea

Kati ya pleti na chuma kuna kitu laini. Mara nyingi ni rangi ya kuvimba iliyoachwa "kwa kuzuia kutu", au chembe za lipu zilizodondoka wakati wa kufunga. Vitu hivyo husagika polepole chini ya mkazo, na bolti inapoteza mvutano bila nati kuzunguka hata kidogo. Fungua, safisha nyuso zote mbili, paka praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) nyembamba tu, kaza upya.

Kama mchoro unataka bolti zilizovutwa, M20 ya 8.8 inahitaji mvutano wa kilonewtoni (kN) 137, na hapo spana ya mkono na nguvu za bega si kipimo. Kwa kiungo cha kawaida, nati ikibana vizuri na uzi mzima angalau mmoja ukitokeza nje, inatosha. Usichanganye bolti iliyochovywa zinki na nati ya kawaida. Nati ya bolti ya zinki huwa imekatwa uzi mpana kidogo. Ukilazimisha nyingine inakwama katikati ya njia, unadhani imekaza, kumbe imenata.

Dalili: nguzo imepinda au boriti za juu yake zimeshuka kidogo wakati wa kuchomelea

Acha kuchomelea, weka jeki na nguzo za muda, ita mhandisi. Chuma kikifika nyuzi 600 kimebakiwa na chini ya nusu ya nguvu yake ya kawaida, na mshono mrefu unaokatiza ubawa mzima kwa mlalo unaiweka nguzo katika hali hiyo, hata kama ni ukanda mwembamba kwa muda mfupi. Pleti yetu ya kuungia inakaa wima kwa sababu hiyo pia. Choma vipande vya mm 50 hadi 70 kwa kubadilishana upande, acha kipoe mpaka mkono uvumilie, endelea. Na mzigo upunguzwe kabla, si baada: matangi ya maji ya juu yamwagwe, mifuko ya saruji iliyorundikwa ghorofani ishushwe.

Dalili: kinga iliyorudishwa inapasuka, inabanduka, au inatoa mistari ya kahawia

Sehemu hii ndiyo inayoharakishwa, kwa kuwa boriti imeshabeba na mwenye jengo anataka dari lifungwe. Kwa hali ya hewa ya visiwani ndiyo pia inayoharibika kwanza.

Mistari ya kahawia maana yake kutu iko chini. Chuma kilifunikwa kikiwa na unyevu au chumvi. Kanuni ni mbili: unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji. Tuseme hewa ni nyuzi 28 na unyevu asilimia 80: umande huanza kwenye nyuzi 24 na kitu, kwa hiyo chuma kinatakiwa kifike nyuzi 27 na zaidi. Alfajiri nguzo ya ndani haifiki hapo. Kazi ya rangi ifanyike kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na wakati wa masika, Machi mpaka Mei, kuna siku nzima ambazo haifanyiki. Kipimajoto cha uso wa chuma na cha unyevu ni vitu vidogo; kazi ya kurudia ni kubwa.

Malengelenge kwenye rangi ya kuvimba: mara nyingi ni aina ya maji iliyopakwa ndani ya jengo lisilofungwa bado, ikapata mvua au ukungu kabla ya rangi ya juu. Kwa maeneo yanayopigwa na hewa ya bahari tumia rangi ya kuvimba ya epoksi, au uhakikishe ile ya kawaida imepata koti lake la juu. Praima iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji wa rangi hiyo hiyo. Praima ya mafuta ya dukani chini ya lipu ya saruji hugeuka kama sabuni, kwa sababu saruji inaila, na lipu inateleza chini na rangi yake mgongoni.

Lipu ikipasuka kwenye kingo za kiraka, kingo za zamani ziliachwa na vumbi au zimekatwa kwa mshazari unaotoa nje. Zikate ziingie ndani kidogo, ili kiraka kishikwe. Lowesha kingo, chuma kiwe na praima kavu, jaza kwa tabaka za mm 10 hadi 15, kila moja ishike kabla ya inayofuata, na uzuie jua na upepo usiikaushe haraka. Changanya mfuko wa aina ileile iliyopo. Usitie mchanga kuongeza wingi: uzito unabadilika, kinga inabadilika, na mchanga wa pwani unaleta chumvi.

Unene usikisie. Soma vyeti vya kinga ya awali. Ukivikosa, pima palipo pazima kwa sindano au kipimo cha rangi, pande zote, mahali kadhaa. Nguzo nyembamba inataka kinga nene kuliko nguzo nzito, kwa hiyo unene wa jengo jirani haukusaidii.

Bodi zinazotoa matone? Angalia kama ni za magnesiamu oksidi. Baadhi yake, kwenye hewa yenye unyevu mwingi, hunyonya maji na kutiririsha maji ya chumvi yanayokula skrubu na chuma cha nyuma. Kwa Unguja na Pemba hatuoni sababu ya kuzitumia kwenye chuma. Bodi ya kalsiamu silikati inafanya kazi hiyo bila kulia.

Dalili: kiungo kimefunikwa, boriti iko wazi

Mkaguzi akikataa hapa ana haki. Kama boriti mpya inabeba sakafu inayotakiwa kuhimili moto, inakingwa yote. Kama ni ya kubebea kitu chepesi na imeruhusiwa kubaki wazi, bado itavuta joto kuliingiza kwenye nguzo, hivyo kinga iendelee juu ya boriti mm 450 hadi 500 kutoka kwenye nguzo. Vichwa vya bolti navyo vifunikwe kwa unene uleule. Ndipo rangi inapokuwa nyembamba kuliko popote, kwa sababu brashi huteleza kwenye pembe za nati. Pakwe kwa mkono, mara mbili, kabla ya kupuliza.

Kabla dari halijafungwa, piga picha kiungo kikiwa wazi, kikiwa na praima, na kikiwa kimefunikwa, pamoja na namba za unene. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi au mhandisi akija kuuliza baadaye, picha hizo tatu zitaokoa dari lisivunjwe.